Pointi Zako Uziweke kwenye Umeme? Historia Kidogo ya Taa za Bujumbura



Wiki hizi kumekuwa na mabishano mawili humu ndani, na watu wameyaona kama hayana undugu. La kwanza ni la vijana wanaopenda michezo ya kompyuta: mtu mwenye pointi chache za ujuzi aziweke kwenye usimamizi wa umeme wa meli yake ya angani, ama aziweke kwenye bunduki na mwendo? La pili ni la wale wanaojiandikisha kwa mafunzo ya ufundi. Nafasi ni chache. Kuna ushonaji, kuna mapishi, kuna kunyoa, kuna umeme wa sola. Ukichukua moja umeacha nyingine, na mwaka wako haurudi.

Mimi naona ni swali moja. Jibu lake nimelitafuta katika historia ya mji huu tunaoishi, juu Bujumbura umeshajibu swali hili mara nyingi, wakati mwingine kwa machozi. Andiko ni refu kidogo. Chajisha simu kwanza, kisha kaa tusome.

TUANZE NA MCHEZO

Mchezo wenyewe unaitwa EVE Online. Ulitoka mwaka 2003, umetengenezwa na kampuni ya CCP ya Aisilandi. Ndani yake kuna ujuzi wa kusimamia nguvu za umeme za meli, na una ngazi tano. Kila ngazi inakuongezea asilimia 5 ya nguvu. Ukifika ngazi ya tano una asilimia 25 zaidi ya mtu asiyejua kitu.

Sasa angalieni bei. Ngazi ya kwanza ni pointi 250. Kufika ya tatu ni pointi 8,000 kwa jumla. Kufika ya nne ni kama 45,000. Kufika ya tano ni 256,000. Maana yake asilimia 15 za kwanza unazipata kwa pointi 8,000, lakini asilimia 10 za mwisho zinakula pointi 248,000. Mwanzo ni rahisi, mwisho ni mlima. Hesabu hiyo muishike, tutairudia.

Wengi hawaupendi ujuzi huu kwa sababu haupigi risasi. Ukiwa nao hakuna anayekuona shujaa. Lakini meli isiyo na umeme wa kutosha haiwezi kubeba ile bunduki kubwa uliyoinunua. Unabaki na bunduki iliyozimwa. Upande mwingine, kama meli yako tayari ina umeme wa kubaki, pointi hizo umezitupa. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu ujuzi wenyewe. Swali la kwanza ni hili: meli yako ina njaa ya nini?

MELI YA KWELI

Kuna siku meli ya angani ya kweli ilikosa umeme. Apollo 13 ya Wamarekani iliruka tarehe 11 Aprili 1970 kwenda mwezini na watu watatu. Siku mbili baadaye tangi la oksijeni lilipasuka, wakiwa mbali na dunia zaidi ya kilomita 300,000. Mitambo ya kutengeneza umeme ilitegemea oksijeni hiyo, basi chombo kikuu kikaanza kufa. Wakahamia kile chombo kidogo cha kutua mwezini, kilichotengenezwa kwa watu wawili na siku chache, chenye betri tu.

Huko chini Houston kulikuwa na kijana anaitwa John Aaron, umri wake miaka 26. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya daftari la umeme: nini kizimwe, nini kibaki, na kwa mfuatano gani chombo kikuu kiwashwe tena mwishoni bila kumaliza betri zake. Wakazima karibu kila kitu. Baridi ikaingia mpaka watu wakatetemeka. Tarehe 17 Aprili wakashuka baharini wakiwa hai wote watatu.

Hakuna aliyeongeza hata wati moja katika meli ile. Walichofanya ni kugawa kidogo kilichobaki. Miaka 26, jamani. Hapa grupuni wako wengi wa umri huo wanaojiona wamechelewa kujifunza.

MTO ULIOTUVUSHA

Sasa turudi nyumbani. Mnaujua Ruzizi. Wengi wenu mliuvuka mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu na Kamanyola. Wengine walivuka kwa mtumbwi, wengine kwa miguu wakishikana mikono, na kuna ambao maji yaliwachukua. Mkalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo mkingoja kupelekwa kambini. Kwetu mto ule ni mpaka na ni kumbukumbu.

Lakini mto uleule ndio ulioiwashia Bujumbura taa. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Tanganyika liko chini, karibu mita 770. Maji yanashuka karibu mita 700 katika safari ya kilomita kama 120. Maji yanayoanguka hivyo ni nguvu inayongoja mtu wa kuikamata. Wabelgiji waliikamata pale mto unapotoka ziwani, karibu na Bukavu. Kituo cha Ruzizi ya kwanza kilianza kazi mwaka 1958. Laini yake kubwa iliteremka bondeni mpaka huku, mji ukiitwa bado Usumbura. Jina la Bujumbura lilikuja na uhuru, mwaka 1962.

Fikirieni maana yake. Tangu mwanzo taa za mji huu zilikuwa zinatoka Kongo. Mtu wa Bukavu na mtu wa Bujumbura walikunywa kwenye waya mmoja, hata kabla hawajajuana.

Baada ya uhuru nchi zikawa tatu, na mto ukawa mpaka. Je, mngegawana vipi? Mwaka 1976 Burundi, Rwanda na Zaire zilianzisha jumuiya yao ya Maziwa Makuu, CEPGL, na mwaka 1983 wakaunda kampuni moja ya umeme ya nchi tatu, SINELAC. Mwaka 1989 kituo cha Ruzizi ya pili kikaanza kazi, megawati 43.8, mali ya wote watatu. Baadaye nchi hizo zimepigana, zimefunga mipaka, zimefukuza wajumbe. Lakini kampuni ile haikuvunjwa. Wenye hasira walikuwa wanahitaji umeme wa mashine zilezile.

Kwa upande wake Burundi nayo ilijenga vya kwake. Mugere, kusini mwa mji, megawati 8, mwaka 1982. Rwegura, kule milimani kwenye msitu wa Kibira, megawati 18, mwaka 1986. Rwegura ikawa ndio mama wa nyumba. Mvua ikinyesha vizuri, mji unawaka. Ukame ukija, bwawa linashuka, na Regideso wanaanza delestaji: leo katiye hii, kesho katiye ile. Kwa Kirundi watu wanasema umuriro umeenda, yaani moto umeenda, kama vile ni mgeni aliyekuja kusalimia akaaga.

MWAKA AMBAO BOMBA ZILIKAUKA

Sasa sehemu ngumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Oktoba 1993. Mwisho wa mwaka 1995 waasi waliangusha nguzo za laini kubwa ya umeme. Bujumbura ikaingia gizani. Na kilichofuata wengi hawakukitarajia: maji nayo yakaisha.

Kwa nini? Kwa sababu maji ya mji mengi yanapigwa pampu kutoka ziwa Tanganyika, yanasafishwa, ndipo yanapandishwa kwenye mabomba. Pampu zinakula umeme. Umeme ukikatika, bomba linakohoa hewa. Basi mji uliokaa kandokando ya moja ya maziwa makubwa kabisa duniani ulibaki na kiu, akina mama na watoto wakibeba madumu kwenda ziwani na mitoni. Mliona Goma yaliyotokea kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo hamna haja nieleze.

Halafu Julai 1996 Buyoya akachukua madaraka kwa nguvu za jeshi, na nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo mpaka Januari 1999. Esansi na mazutu vikawa dhahabu. Aliyekuwa na jenereta alikuwa na chuma kizuri kisicho na chakula. Hapo watu wakajifunza tofauti ya kuwa na mashine na kuwa na nguvu. Na hata miaka hii ya karibuni mmeona foleni za esansi mjini, magari yamelala kwenye vituo siku na siku. Jenereta bado ni mtoto anayelia maziwa yasiyopatikana.

Tusifikiri ni Burundi peke yake. Kisiwa cha Unguja, Zanzibar, kilikuwa kinapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanzania bara. Disemba 2009 mambo yakaharibika, na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Hakukuwa na vita, hakukuwa na mtu aliyeangusha nguzo. Ulikuwa ni mji mzima kuning'inia kwenye njia moja.

Somo ninalolitoa hapa ni hili: giza la Bujumbura halikusababishwa mara zote na uhaba wa umeme. Mara nyingi lilitokana na njia kuwa moja, na hakuna mpango wa nini kiwake kwanza kidogo kinapobaki. Hospitali au baa? Pampu ya maji au friji ya bia? Hilo ndilo swali la usimamizi wa umeme, na anayelijibu vizuri anaokoa watu ambao hawatamjua jina.

RUSUMO

Kuna sehemu nyingine nataka muijue. Kwenye mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kuna maporomoko ya Rusumo na daraja juu yake. Mwisho wa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja tu, karibu Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja lile kukimbilia Ngara. Kambi ya Benaco ikazaliwa kwa usiku mmoja, ikawa kama mji. Waandishi wa habari walisimama pale wakipiga picha za watu na vifurushi, na chini yao maji yakianguka kwa kishindo.

Mwisho wa 2023 maporomoko yaleyale yakaanza kutoa umeme. Kituo cha megawati 80, mali ya nchi tatu: Burundi, Rwanda na Tanzania. Sehemu ya taa inayowaka Burundi leo inatoka chini ya daraja lile.

Siandiki haya ili kusema mateso yana faida. Hayana. Nasema mahali ambapo watu walipita wakiwa hawana kitu, maji ya kutosha kuwasha mji yalikuwa yanapita pia. Kilichokosekana ni amani, pesa na watu wenye ujuzi. Amani na pesa haviko mikononi mwetu. Ujuzi, angalau kidogo, uko.

BURUNDI INA NJAA YA NINI

Turudi kwenye lile swali la mchezo. Meli yetu ina njaa ya nini? Burundi, mtu mmoja hivi kati ya kumi ndiye mwenye umeme nyumbani. Tisa hawana. Kuna miradi ya Jiji na Mulembwe kule kusini, karibu megawati 50 kwa pamoja. Kuna shamba la sola la Mubuga, mkoa wa Gitega, megawati 7.5, lilifunguliwa 2021. Ruzizi ya tatu imezungumzwa miaka mingi na bado inangojwa.

Lakini hata siku vyote hivyo vikikamilika, waya hautafika kesho kwenye kila nyumba ya kilimani, na kambini ndio kabisa. Musasa, Kavumu, Bwagiriza, Nyankanda, na sasa Musenyi: usiku unapoingia, mnajua wenyewe. Taa ndogo za sola, tochi za simu, na sehemu za kulipia kuchaji. Kwa hiyo ndiyo, meli hii ina njaa ya umeme. Na ina njaa zaidi ya watu wanaojua kuugawa.

Na kuna hatari ya kutokujua. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega liliungua, wakafa wafungwa wasiopungua 38. Wizara ya mambo ya ndani ilisema chanzo ni hitilafu ya umeme. Kila ukiona mtu ameunganisha waya kwa kufunga mfuko wa plastiki, ama ameziba fyuzi kwa msumari, kumbuka hilo. Kutokujua umeme hakukuzimii taa tu.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Watu wanaogopa wakisikia umeme, wanafikiri ni hesabu za chuo kikuu. Hebu tuangalie pamoja. Tuchukue kijana mwenye kibanda cha kunyoa na kuchaji simu, ana paneli moja ya wati 100.

Jua letu zuri linampa kama masaa manne hadi matano ya nguvu kamili kwa siku. Wati 100 mara masaa 4 ni wati-saa 400. Nyingine zinapotea kwenye waya, kwenye joto na kwenye betri. Tuseme amebaki na 330 za kutumia.

Sasa matumizi. Taa tatu za wati 5, masaa matano: 75. Simu kumi, kila moja kama 15: 150. Mashine ya kunyoa ya wati 10, masaa sita: 60. Redio ya wati 5, masaa manane: 40. Jumla 325. Imetosha, tena kwa shida.

Siku hiyohiyo shemeji anakuja na pasi ya wati 1,000, nusu saa tu, anyooshe nguo za harusi. Nusu saa ya pasi ni wati-saa 500. Siku nzima ya kibanda imekwisha, na ya kesho imekopwa. Asiyejua hesabu atasema paneli ni feki. Anayejua atasema: shemeji, pole, hiyo pasi tia makaa.

Na betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Lakini ile ya asidi, kama za magari, ukiimaliza kabisa kila siku inakufa mapema. Watumie nusu tu, yaani 600. Hapo kijana wetu ana karibu siku mbili za akiba kama mawingu yakija. Betri nyingi zinazotupwa na kusemwa mbovu ziliuawa kwa ulafi. Wazee wetu wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme nao ni mali.

Mmeona? Ni kuzidisha na kutoa. Darasa la sita. Hii ndiyo ngazi ya kwanza mpaka ya tatu, zile pointi 8,000.

WAKIMBIZI WENGINE WALIFANYA NINI

Jordan, kambi ya Azraq, mwaka 2017 ilijengwa sehemu ya sola inayoingiza umeme kambini, na wakimbizi wa Siria wakafundishwa na kuajiriwa kwenye ujenzi wenyewe. Mwaka huohuo na kambi ya Zaatari ikapata yake, kubwa zaidi.

Kakuma, Kenya, kambi iliyoanza 1992, miaka mingi hakukuwa na gridi. Wafanyabiashara wakimbizi walinunua jenereta, wakavuta waya, wakauzia majirani kwa taa na kwa masaa. Hawakungoja mradi. Hawakuwa malaika pia, bei ilikuwa kali na waya nyingine zilikuwa za hatari. Lakini mtu aliyejua kugawa mzigo wa jenereta moja kwa maduka mengi alikuwa na kazi kila siku.

Na kwa dada zetu: Kinyasini, Unguja, kuna chuo cha Barefoot kilichofunguliwa 2015, tawi la wale wa India walioanza 1972. Pale wanawake wa vijijini, wengine ni mabibi ambao shule waliiona kidogo tu, wanafundishwa kwa miezi kuunganisha na kutengeneza sola, kisha wanarudi kuwasha vijiji vyao. Kwa hiyo mtu asikwambie umeme ni wa wanaume. Mama anayejua kupima unga wa siku saba kwenye mfuko mmoja wa msaada ameshajua nusu ya kazi.

WANAOPINGA NAO WANA HAKI

Nisiwadanganye. Wapo ndugu wanaosema: usiweke pointi huko. Nimewasikiliza, na hoja zao ni tatu.

Kwanza vifaa. Cherehani ya kukanyaga kwa mguu haihitaji umeme wala mita ya kupimia. Ukimaliza mafunzo unaanza kesho. Fundi umeme bila mita, koleo nzuri na mtaji mdogo anakaa tu. Ni kweli. Ndiyo maana nawaambia wakubwa wa mashirika: mafunzo bila kisanduku cha vifaa ni nusu daraja. Afadhali mfundishe kumi na kila mmoja aondoke na vifaa kuliko arobaini waondoke na picha na cheti.

Pili, uaminifu. Mwenye nyumba hatampa mkimbizi asiyemjua kugusa waya zake. Ni kweli pia. Lakini angalieni Buyenzi. Katiye ile ya Waswahili imejaa gereji na karakana, na mji mzima unapeleka magari pale. Wengi wa mafundi wale walijifunza kwa kushika spana chini ya fundi mwingine. Jina la fundi linajengwa kazi kwa kazi. Anza na taa ya jirani, anza na redio ya kanisa au ya msikiti. Na usiguse umeme wa Regideso bila kuwa na mtu mwenye ruhusa, huo si uwanja wetu. Sola ndogo ya volti 12 ndiyo shamba letu.

Tatu, wanasema soko litajaa. Tukisoma wote umeme, nani atamlipa nani? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ndipo ile hesabu ya mchezo inapotusaidia.

UAMUZI WANGU

Ngazi tatu za kwanza ni za kila mtu. Namaanisha kila mtu: anayeshona, anayenyoa, anayepika, anayeuza mitumba. Ujue kusoma wati nyuma ya kifaa. Ujue kuzidisha kwa masaa. Ujue kwamba betri ina mwisho, na waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa unachemka mpaka unaungua. Ujue kuzima kabla ya kugusa. Hii haikuli mwaka, inakula wikiendi chache. Na faida yake inaingia kwenye kazi yoyote uliyonayo, kwa sababu mshonaji mwenye taa ya saa mbili zaidi usiku ana nguo mbili zaidi mwisho wa wiki.

Ngazi ya nne na ya tano ni za wachache. Wawe wawili au watatu katika kila kambi na kila katiye, wenye moyo wa kazi hiyo kweli, wanaokubali mwaka mzima au miwili ya kujifunza, ya kubeba mabango juu ya bati, ya kurudia hesabu. Hao tuwachangie, tuwape kazi zetu, tuwasimamie mbele ya mashirika. Tukiwa hamsini wa ngazi ya tano tutagombania balbu moja. Tukiwa hamsini wa ngazi ya tatu na watatu wa ngazi ya tano, kambi inawaka.

Kama wewe una shida nyingine inayokula maisha yako kabla ya giza, mfano huna kabisa pesa ya chakula cha watoto na cherehani inangoja, chukua cherehani. Hakuna aibu. Meli yenye tundu chini haianzi kwa kubadilisha taa. Ziba tundu, kisha njoo wikiendi tukufundishe zile ngazi tatu.

Kitu kimoja cha mwisho ambacho historia hii imenifundisha. Nguzo zinaangushwa, mipaka inafungwa, mabwawa yanakauka, esansi inapotea. Sisi wenyewe tumeacha nyumba, mashamba, vyeti, wengine tumeacha na watu wetu. Ulichokijua kichwani hukukiacha Kamanyola. Hakikulowa mtoni. Siku tutakapovuka tena, iwe ni kurudi Uvira na Bukavu ama kwenda nchi ya mbali, jua litakuwepo, na kizidisho cha wati kwa masaa kitakuwa kilekile.

Wanaotaka kujaribu ngazi ya kwanza, andikeni majina hapa chini na mseme mko kambi gani ama katiye gani. Leteni karatasi, kalamu, na kifaa kimoja cha nyumbani tukisome wati zake. Na wale wanaopinga, leteni hoja zenu pia, tubishane kwa heshima.